Kila Jumamosi Jioni

Ewald Kopiec, wa mtaa wa matofali mekundu kule Zabrze,
alipanda ngazi kumi na saba za kliniki yetu
akapumzika mara tatu.
Mimi huhesabu. Ndiyo kazi yangu:
kumpa mtu mpira wenye mdomo wa karatasi, nimwambie
vuta, vuta, sasa toa, toa, toa, usiache,
mpaka uso ubadilike rangi na mstari kwenye kioo ulale.

Nilihesabu na maneno.
"Zamani... nilibeba... magogo... mawili..."
Mtu wa miaka sitini na minne,
na sentensi yake haifiki mizani nane
kabla haijaomba hewa.

Faili lake lilikuwa nene.
Daktari wa kwanza aliandika: moyo.
Moyo ukapimwa, ukakutwa uko kazini, hauna neno.
Wa pili aliandika: uzee.
Wa tatu hakumtazama. Alisoma
"mchimba makaa, miaka ishirini na sita"
akafunika kalamu.
Huku kwetu makaa hujibu kila swali.

Daktari Herok ni mpole wa mikono, mkaidi wa kichwa.
Alisikiliza mgongo, chini, chini zaidi,
kisha akanivika mimi kile chombo masikioni.
Mwisho wa kila mvuto palikuwa na sauti
ya viatu vya mtoto, vile vya kubandika,
vikibanduliwa polepole gizani.
"Makaa aghalabu hayalii hivi," alisema.
Akaketi. Akauliza swali lisilo na mashine:
"Ni lini unapumua vizuri?"

Miaka mitatu wote walikuwa wameuliza kinyume chake.

Akanyamaza. Mkewe, Hildegarda, mkoba magotini, akajibu:
wiki mbili za Oktoba, alipolazwa kwa ngiri.
Alitembea korido nzima akipiga mluzi, wauguzi wakamkemea.
Akarudi nyumbani Ijumaa.
Jumamosi jioni homa, kitetemeshi, kikohozi kikavu.
Jumatatu nafuu.
Jumamosi tena.
"Tukasema mafua."

Mafua gani yanayosoma kalenda?

"Na Jumamosi asubuhi, bwana Kopiec, unafanya nini?"
Hapo uso ukamwangaza, maskini,
kama mtu aliyeulizwa habari za wajukuu.
"Nakwangua banda."

Njiwa themanini na wanne, wa mashindano,
wanaofunguliwa mbali, ng'ambo ya mpaka,
wakafika juu ya paa lake kabla ya chakula cha mchana.
Manyoya. Kinyesi kikavu. Unga mweupe
mwembamba kuliko poda ya mtoto,
na koti la kazi limetundikwa
nyuma ya mlango wa chumba cha kulala.
Kikulacho ki nguoni mwako;
Hildegarda alikuwa akikikung'uta kila wiki
kwa mikono yake mwenyewe.

Damu ilikubali. Picha ilikubali:
mapafu kama dirisha lililopuliziwa pumzi
likasahauliwa bila kufutwa.

Alipoambiwa, hakubisha. Alisema tu,
akikata maneno vipande vipande:
"Makaa... ningeyasamehe.
Lakini... hawa?"

Aliwauza Februari, theluji ikiwa bado nyeusi barabarani.
Akachoma koti. Banda akalipiga misumari.

Alirudi kwangu Mei, akapuliza.
Mstari ulipanda kidogo, si sana;
kilichoshonwa kovu hakifumuki.
Ngazi kumi na saba, pumziko moja.
Nilimuuliza habari za nyumbani, kwa adabu tu,
akanijibu huku akivaa kofia:

"Saba wamerudi, wanakaa juu ya banda mchana kutwa wananitazama
nami nimesimama nyuma ya kioo nimefunga dirisha
maana njia hiyo niliwafundisha mimi."

Hakusita mahali popote.
Nilikuwa nahesabu.
Nikaacha.